Dakika Tisini za Nani?

Kila mchezo una njia yake ya kujua kwamba umekwisha. Mpira wa miguu unaangalia saa. Besiboli, mchezo unaopendwa sana na Wamarekani, unahesabu watu waliotolewa. Bao linaisha pale mmoja anapoishiwa kete safu ya mbele au anapokosa pa kucheza. Na mpira wa mchangani kwetu Bwejuu, wilaya ya Mafia (si ile Bwejuu ya Unguja yenye mahoteli), unaisha maji yakijaa.

Naandika haya kwa sababu kila muhula, yakifika mashindano ya chuo, malalamiko ni yale yale: mechi ndefu, mechi zinachosha, ratiba imeharibika, watu wamekutwa na giza uwanjani. Na kila mara kuna mtu anasimama kwenye kikao na dawa ile ile: tupunguze dakika. Kabla hatujapunguza chochote, hebu tuulize kwanza dakika zenyewe zinakwenda wapi, na nani anazila. Majibu yapo, maana wenzetu walishayatafuta kwa saa mkononi.

Mchezo usio na saa

Tuanze mbali, kwa sababu huko ndiko ugonjwa huu ulikopimwa vizuri. Besiboli si ngeni kabisa kwetu. Dar es Salaam upo uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japan. Na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani. Lakini wengi wetu hatujawahi kukaa tukatazama mechi nzima, kwa hiyo nieleze kwa ufupi.

Timu mbili zinapokezana kushambulia. Mrushaji wa timu inayozuia anarusha kijimpira kigumu, na mpigaji wa timu inayoshambulia anajaribu kukipiga kwa gongo kisha akimbie. Washambuliaji watatu wakishatolewa, timu zinabadilishana. Zote mbili zikishapata zamu, awamu moja imekwisha. Awamu ni 9. Zikitoka sare, zinaongezwa awamu nyingine hadi mshindi apatikane. Hakuna dakika 90, wala refa anayetazama saa yake na kupuliza kipyenga cha mwisho.

Mchezo wa namna hiyo unaweza kwenda popote. Mwaka 1981 timu za Pawtucket na Rochester, za ligi za chini kule Marekani, zilianza mechi usiku wa tarehe 18 Aprili. Zikacheza mpaka saa kumi alfajiri zikiwa bado sare, mechi ikasimamishwa, ikamaliziwa tarehe 23 Juni. Ilifika awamu 33, na muda wa kucheza peke yake ulikuwa saa 8 na dakika 25. Hiyo inabaki kuwa mechi ndefu kuliko zote katika besiboli ya kulipwa.

Hiyo ilikuwa ajali ya mara moja. Tatizo kubwa lilikuwa la kila siku. Katika miaka ya 1970 mechi ya kawaida ya ligi kuu ya Marekani ilichukua kama saa 2 na nusu. Kufikia mwaka 2021 wastani wa mechi ya awamu 9 ulikuwa saa 3 na dakika 10. Awamu hazikuongezeka. Kiwanja hakikurefushwa. Sasa zile dakika 40 zilitoka wapi?

Sehemu moja ni matangazo ya biashara. Katika mechi ya awamu 9, timu zinabadilishana mara 16 au 17, na kila mabadilishano televisheni inachukua zaidi ya dakika 2 kutangaza soda na magari. Zidisha mwenyewe, ni zaidi ya nusu saa mtu anatazama mchezo usiochezwa. Sehemu ya pili ni ndogo kwa macho lakini ndiyo yenye mafunzo. Mrushaji anashika mpira, anapangusa jasho, anatazama kulia, anatazama kushoto. Mpigaji naye anatoka kwenye nafasi yake, anakaza glavu, anapiga udongo kwa gongo, anarudi. Kila mmoja anavuta sekunde tano tu. Lakini mechi moja ina mirusho karibu 300. Mara 300 kwa sekunde 5 ni sekunde 1,500, yaani dakika 25. Hakuna aliyeiba saa nzima. Kila mtu aliiba kiganja kimoja kimoja, gunia likaisha.

Mwaka 2013 gazeti la The Wall Street Journal lilipima mechi kwa saa na kukuta kwamba muda ambao kitu kinatendeka kweli uwanjani ulikuwa kama dakika 18 tu, katika burudani ya saa tatu.

Dawa ilikuja mwaka 2023. Ligi iliweka saa ya kurushia inayoonekana na uwanja mzima: mwaka huo mrushaji alipewa sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kituoni, sekunde 20 kama yupo. Akichelewa yeye, mpigaji anapewa faida ya mrusho mbovu. Akichelewa mpigaji kujiweka tayari, anahesabiwa kosa yeye. Mwaka 2022 wastani ulikuwa saa 3 na dakika 4. Mwaka 2023 ukashuka hadi saa 2 na dakika 40. Zilipungua dakika 24, karibu sawa na ile hesabu yetu ya sekunde tano tano. Na awamu zikabaki 9. Hawakupunguza mchezo hata kidogo, walichoondoa ni muda mtupu.

Meli haisubiri

Kriketi nayo ilipitia humo humo. Zamani zilikuwepo mechi za kimataifa zisizo na kikomo, zilizochezwa hadi mshindi apatikane, iwe siku tano au kumi. Mwaka 1939 Uingereza ilikwenda Durban kucheza na Afrika Kusini mechi ya aina hiyo. Ilianza tarehe 3 Machi. Tarehe 14 Machi walikuwa bado uwanjani. Ukitoa siku za mapumziko na siku moja iliyoharibiwa na mvua, walicheza siku tisa. Uingereza ilihitaji alama 696 kushinda, ikawa imefika 654. Zilibaki 42 tu, nazo zilikuwa zinaonekana. Mvua ikanyesha tena, na Waingereza walikuwa na treni ya kuwahi hadi Cape Town, ambako meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inawangoja. Mechi ikaachwa hapo hapo, sare. Tangu hapo mechi isiyo na kikomo haikuchezwa tena. Na mwaka 2003 Waingereza hao hao walianzisha kriketi ya virushio 120 kwa kila timu, inayomalizika jioni moja.

Mtu wa bara anaweza kucheka. Mtu wa kisiwani hacheki, anaitikia kwa kichwa. Meli haisubiri, na mashua haisubiri, kwa sababu maji hayasubiri.

Saa ya bahari

Bwejuu ni kisiwa kidogo, na mchanga mpana wa kuchezea mpira unapatikana bahari ikirudi nyuma. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mkondo wa Mafia inazidi mita 3. Lakini bamvua lenyewe hupwa asubuhi, kama saa nne hivi, wakati watu wako shule na kwenye shughuli za pwani. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo siku tatu au nne baada ya bamvua maji hupwa mchana, saa saba au saa nane, na mchanga bado ni mpana wa kutosha. Hapo ndipo mechi inapangwa.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia lini mechi ya marudiano. Wiki moja baadaye dakika 50 zimejumlishana zikakaribia saa 6, na saa ile ile mliyocheza jana kiwanja kiko chini ya maji. Subiri wiki mbili, zinakaribia saa 12, na mchanga unarudi saa ile ile. Ndiyo maana kwetu mtu akisema "tukutane wiki ijayo, saa hizi hizi", unajua ni mgeni.

Saa ya namna hii haina dakika za nyongeza. Kama wageni wamekuja kwa mashua kutoka Kilindoni au Jibondo, nahodha wao anaangalia maji, hatazami matokeo. Na hapo ndipo ujanja unapozaliwa: timu inayoongoza inabutua mpira baharini ili dakika ziende. Kumbe bahari inaweza kumbeba anayeongoza kuliko hata refa.

Dawa yetu ya utotoni ilikuwa fupi: aliyebutua ndiye anayeufuata. Unaingia majini wewe mwenyewe, unaloa, unaurudisha mbio, na wenzako wanacheza pungufu mpaka urudi. Hakukuwa na kadi wala kikao cha nidhamu. Aliyepoteza muda alilipa papo hapo, kwa kiasi kile kile alichopoteza. Mpira wa kubutua ulipungua wenyewe.

Tisini yenye hamsini na tano

Sasa turudi kwenye mpira wenye refa na jezi. Tunasema mechi ni dakika 90, lakini katika ligi kubwa za Ulaya mpira unachezwa kweli kama dakika 55 hadi 60. Zilizobaki ni mpira uko nje, faulo inapangwa, kipa anatembeza mpira, mchezaji amelala. Fanya hesabu ya mfano: mipira ya kurusha 40, kila mmoja sekunde 12, ni dakika 8. Golikiki 15, kila moja nusu dakika, ni dakika 7 na nusu. Weka faulo, kona, mabadiliko ya wachezaji na kushangilia mabao, utaona 90 inavyoliwa bila mtu kuvunja sheria yoyote.

Ukitazama Simba na Yanga kwenye kibanda umiza unajua mchezo wote huu kwa moyo. Timu ikipata bao, ghafla kila mchezaji wake ana misuli inayobana. Kipa anaanguka bila kuguswa. Anayetolewa anatembea kama bibi harusi. Bao likirudishwa, wagonjwa wote wanapona kwa pamoja.

Waandishi wa sheria za mpira wamepambana na hili kwa miaka mingi. Mwaka 1992 walimkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu, kwa sababu timu zilikuwa zinaurudisha kwa kipa, anaudaka, anautoa, anarudishiwa tena. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 waliamua kuhesabu kila dakika iliyopotea. Mechi ya Uingereza na Iran ikaongezwa kama dakika 27 kwa vipindi viwili, nyingi zikitokana na kipa wa Iran aliyeumia kweli. Hiyo ni haki, lakini ina gharama yake: muda uliopotea unarudishwa kwa kurefusha jioni. Mtazamaji analipa mara mbili.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa kipa. Kwa miaka mingi sheria ilimpa sekunde 6 za kushika mpira. Akizidisha, adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya eneo lake la hatari. Adhabu hiyo ilikuwa nzito mno, karibu bao la zawadi, na marefa wakaogopa kuitoa. Sheria ikawepo kwenye kitabu, uwanjani haipo. Mwaka 2025 wakabadilisha. Sasa ana sekunde 8, refa anamhesabia tano za mwisho kwa mkono juu, kila mtu anaona, na akizidisha wapinzani wanapewa kona. Muda umeongezwa na adhabu imepunguzwa, halafu sheria ndiyo imepata nguvu. Kwa sababu kona refa anaweza kuitoa bila woga. Ni ile ile ya aliyebutua ndiye anayeufuata: adhabu ndogo, ya papo hapo, isiyohitaji ushujaa wa mtu.

Bao halina haraka

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kila kitu kiende mbio. Ukikaa barazani ukatazama bao la wazee, kuanzia kunamua mpaka mtaji, utaona mtu anashika kidevu dakika nzima kabla ya kugusa kete. Hakuna anayepiga kelele "cheza!" Kinyume chake, watazamaji nao wanahesabu kimya kimya, kila mmoja anacheza kichwani mwake. Kete zikitembea zikazunguka safu mara mbili tatu, baraza zima linazifuata kwa macho. Muda ule unaonekana mtupu kwa asiyejua, kumbe umejaa.

Kwa hiyo kipimo si urefu. Swali ni: dakika hii inayopita, mchezo umo ndani yake? Mzee anayefikiri bao yumo mchezoni. Beki aliyelala huku akichungulia saa ya uwanjani hayumo. Yule anaulea mchezo, huyu anaukausha.

Nani analipa

Sasa nifike kwenye kiwanja kimoja cha chuo ninachokijua vizuri, kwa sababu mimi hucheza pale, tena hucheza mechi ya pili.

Ratiba ya siku huwa hivi. Wanaume saa nane na nusu, wanawake saa kumi na nusu. Vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko ya robo saa vinafanya saa 1 na dakika 45, ongeza dakika chache za refa. Mechi ya kwanza inatakiwa kuisha kama saa kumi na dakika 20. Ya pili iishe saa kumi na mbili na dakika 20. Dar es Salaam katikati ya mwaka jua linazama kama saa kumi na mbili na robo. Uwanja hauna taa. Maana yake ratiba nzima haina akiba hata ya dakika tano.

Halafu angalia kinachotokea. Timu ya kwanza inafika imechelewa robo saa, jezi bado ziko hosteli. Mechi inaanza, mpira ni mmoja, ukienda barabarani wanautafuta. Timu inayoongoza inalala. Refa, kwa haki kabisa, anaongeza dakika 8. Saa kumi na moja kasoro kumi wanapuliza mwisho, na hapo kocha wao anataka kuongea na wachezaji katikati ya uwanja. Sisi tumeshapasha misuli mara mbili, tumepoa mara mbili. Kisha anakuja msimamizi wa michezo, mpole kabisa, anasema: "Dada zangu, leo tupige dakika 25 kila kipindi, giza linakuja."

Siyo mara moja. Na siyo jambo dogo, maana timu ya chuo huchaguliwa kwenye mechi hizo hizo. Kaka anaonekana kwa dakika 98, dada anaonekana kwa 50, halafu mwisho wa muhula mtu anasema wanawake hawana pumzi ya dakika 90. Pumzi ya dakika 90 utaipata wapi kama hujawahi kupewa 90?

Kisiwani ilikuwa hivyo hivyo. Wavulana wakubwa walianza mchanga ukiwa mkavu. Wakimaliza ndipo watoto, na wasichana, tulipopata nafasi, maji yakiwa yameshafika kifundoni. Nilidhani ni sababu ya bahari. Nimekuja chuoni, hakuna bahari, nimekuta maji yale yale.

Kwa hiyo ukisikia dawa ni kupunguza dakika, uliza zinapunguzwa kwa nani. Mechi ya kwanza haijawahi kupunguzwa. Muda unaopotezwa na wa kwanza hulipwa na wa mwisho kwenye foleni, awe mchezaji wa mechi ya pili, mfanyakazi anayefunga geti, au mwanafunzi anayetafuta daladala ya Mbagala usiku.

Yanayowezekana bila bajeti

Hatuhitaji saa za Marekani. Nina mapendekezo manne kwa kamati ya michezo, na yote yanatekelezeka kabla ya mashindano yajayo.

Kwanza, mipira minne na waokota mipira wanne. Mpira ukitoka, mwingine unaingia. Hili peke yake linaokoa dakika kuliko kadi yoyote.

Pili, anayechelewa alipe kwa dakika zake. Timu isipokuwa uwanjani saa nane na nusu, mechi yake inaanza ikifika, lakini saa ya mechi imeshaanza kuhesabu. Mechi ya kwanza lazima iachie uwanja saa kumi na dakika 25, iwe imefika mwisho au haijafika.

Tatu, sekunde 8 za kipa zihesabiwe kwa sauti, na mashabiki wanaruhusiwa kumsaidia refa kuhesabu. Nawahakikishia hilo litapendwa kuliko muziki wa mapumziko.

Nne, zamu. Wiki hii wanawake wanaanza, wiki ijayo wanaume. Pendekezo hili halipunguzi sekunde hata moja, lakini naamini litafanya yale matatu yatekelezwe haraka sana. Siku timu ya wanaume itakapoambiwa "kaka zangu, leo dakika 25 kila kipindi", kamati itapata mipira minne kabla ya Jumatatu.